Radhi Iliyokwama Getini

Mwanangu Jumanne,

Usicheke kwanza. Najua mimi ni binti yako, nina miaka kumi na saba, na juzi tu umenikumbusha kufunga kamba za viatu. Lakini ni wewe uliyenipa jina la mama yako mzazi, Mwajabu, na tangu nabebwa mgongoni unaniita mama. "Mama, njoo ule." "Mama, mbona hujalala?" Mkeo naye akapata la kusema. Nikiacha vyombo kwenye karai, anasimama mlangoni kuitangazia Chang'ombe nzima: "Jamani, mama mkwe wangu kanisusia vyombo, nimemkosea nini?" Miaka yote hiyo nimekuwa mama wa utani. Safari hii nimetumwa niwe mama wa kweli, na kwa kuwa mdomo umenishinda, nimeshika kalamu.

Naandika alasiri, kwenye meza yako. Wewe umekwenda chuoni kuomba urudishiwe funguo za maabara ulizokwisha kuzikabidhi. Tiketi ya treni ya kesho asubuhi iko chini ya redio. Sanduku liko juu ya kabati, tupu, na vumbi la kiangazi limeanza kulizoea. Jana ulisema kwamba leo baada ya Isha utawaandikia watu wa Ujerumani kuwa huendi. Mama akakujibu, "Tiketi ipo, viza ipo, ila msafiri ndiye hatumwoni." Mimi nilikuwa jikoni, nachambua mchele ambao nilikwisha kuuchambua.

Kwa hiyo sitakuambia habari za sweta, wala za simu, wala za kula kwa wakati. Hayo Mama anayo, na atayasema mpaka milango ya treni ifungwe. Mimi nina jambo moja tu, ila linaanzia mbali kidogo.

Unakumbuka ulianza lini kunieleza kazi yako? Nilikuwa kidato cha kwanza na nilikuwa nazama. Nilitoka shule ya msingi najua mambo yangu kwa Kiswahili, nikaingia sekondari nikakuta mambo yaleyale yamebadilishwa majina yote. Mwalimu akiuliza, jibu ninalo, ila liko ng'ambo. Mpaka nilivushe, mwenzangu ameshanyoosha mkono. Mwisho nikajifunza kukaa kimya kwa lugha mbili. Jioni moja ukaniuliza leo mmesoma nini, nikasema sijui. Hukunigombeza. Ulivuta kiti ukanieleza habari za ubongo wa Bibi.

"Ubongo ni kama zile ofisi za kule Mji wa Serikali," ulisema. "Ukuta mrefu, na getini kuna mlinzi asiye na masihara. Damu inapita nje, barabarani. Dawa imo ndani ya damu, inafika getini, mlinzi anaiuliza: una miadi? Haina. Inarudi."

"Dawa zote?"

"Karibu zote. Na mlinzi hana kosa, mama. Angekuwa anafungua ovyo, kila sumu ingeingia."

Ukaniambia Bibi anatetemeka kwa sababu ubongo wake umepungukiwa na kitu kinachoitwa dopamini. Nikasema, si mumpe hiyo dopamini? Ulicheka, lakini hukunicheka mimi. Ulicheka kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini. Ukasema dopamini yenyewe haina miadi. Vidonge vya Bibi vina ndugu yake, na ndugu huyo anafanana na asidi amino, vile vitu vidogo tunavyovipata tukila nyama na maharage. Ubongo unavihitaji, kwa hiyo vina geti lao. Dawa ya Bibi inajichomeka kwenye msafara huo, ikishavuka ndipo inageuka kuwa dopamini. Lile la msafara lilinikaa. Nilikuwa sijui kwamba siku moja litanifaa kuliko yote niliyofundishwa darasani.

Lakini dawa nyingi hazina ndugu wa kufanana naye, na hizo ndizo zinazokunyima usingizi. Kwa ajili ya dawa hizo unatunga peptidi, mnyororo mfupi wa asidi amino, kama mtu anayetunga shanga. Unautafutia umbo ambalo mlinzi analijua. Dawa unaifunga mgongoni mwake. Mlinzi anaona sura ya mwenyeji, anafungua, na mgeni anaingia amebebwa.

Shida iko barabarani. Damu imejaa vimeng'enya, na vingi ni mikasi mitupu. Vinaushika mnyororo kwenye ncha, vinaukata, na peptidi iliyotoka nzima inafika getini vipande. Ukasema unaweza kuunganisha ncha zake mbili ukawa duara, mikasi ikakosa pa kuanzia. Au unaweza kutumia shanga za upande wa pili. Hapo ukachukua mkasi wangu wa shule, ukaushika kwa mkono wa kushoto, ukajaribu kukata karatasi. Karatasi ikajikunja tu katikati ya visu. "Unaona? Umetengenezewa mkono wa kulia." Kumbe asidi amino nazo zina pacha wao wa kwenye kioo, kama kiganja cha kushoto na cha kulia. Ukiutunga mnyororo kwa hao pacha, mikasi ya damu inateleza.

"Basi si umemaliza kazi?" nikasema.

Uliweka mkasi chini. "Nikibadilisha mno, mlinzi naye hamtambui. Kazi yote ndiyo hiyo, mama. Kuibadilisha kiasi isikatike, na kuiacha kiasi itambulike."

Nimekuona miaka yote hii ukiitafuta nafasi hiyo nyembamba. Nakumbuka siku uliyokuja na zabibu mfuko mzima kwa kuwa peptidi yako moja ilikuwa imekataa kukatika. Tukala, tukapigana kwa mbegu. Kisha majibu ya wenzako wa Ujerumani yakaja: haikatiki, kweli, lakini getini haifunguliwi. Zabibu zilizobaki ulizila peke yako, umesimama, mgongo umetupa sisi. Nilitaka kuja kukwambia kitu. Sikuja. Nimekuwekea akiba ya maneno mengi ya namna hiyo, na siringii hata moja.

Halafu hao hao wakakuandikia: njoo, ufanye kazi hii hapa, tuitafute pamoja. Ulisoma ujumbe ukiwa umeshika mswaki.

Basi ukaenda Busi, kijijini kwenu, kumuaga mama yako, kama anavyokwenda mtu aliyelelewa. Hukwenda mikono mitupu. Ulinunua mbuzi mnadani, ukamchinja mwenyewe pale uani, dada yako, Shangazi Zaituni, akapika. Mkala kwanza, kwa maana radhi haiombwi kwa mtu mwenye njaa. Bibi akala vizuri, nawe ukafurahi, ukawa unamchagulia maini. Kwa heshima ya mgeni hata kidonge cha Bibi kikasogezwa, akakimeza juu ya nyama. Ndipo ukakaa mkekani ukamwambia: nataka kwenda, ni miaka minne, naomba radhi yako.

Akakutazama kwa uso kama chungu cha udongo. Hakutabasamu, hakutikisa kichwa, hakutamka. Ukangoja. Ukaanza kuona haya za kungoja, ukainuka kwenda kupigilia bati lililolegea. Uliporudi alikuwa amefumba macho. Ulifika nyumbani ukamwambia Mama, "Mama hajaridhia," ukaenda kuoga. Tangu siku hiyo sanduku halijashuka. Kumpigia simu haisaidii, sauti yake kwenye simu ni pumzi tu.

Mwanangu, sikiliza sasa.

Uliponituma Busi likizo hii kupeleka vidonge, nililala kwa Bibi, na asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nampa dawa. Kidonge kinatangulia, kama daktari alivyosema, kisha tunakaa, kisha ugali wa uwele na mlenda. Na katika kule kukaa niliona kitu ambacho wewe hukukaa vya kutosha kukiona. Uso wake unafunguka. Haufunguki ghafla, unafunguka kama mtu anayeondoa kigingi cha dirisha akihofia kuamsha watoto. Na ukishafunguka, Mungu wangu! "Wewe Mwajabu wa mjini, tonge unalishika kama umeshika chura." "Wewe Mwajabu, mbona husemi, au mama yako anakulisha pamba?" Nilicheka mpaka mlenda ukanipalia.

Siku moja jirani alichinja ng'ombe, akatuletea fungu kubwa. Mchana tukala nyama, na kidonge cha mchana kikaenda pamoja nayo. Alasiri nikamkuta Bibi amefungwa. Uso uleule wa chungu. Nikamwita, macho yakanifuata, mdomo haukuja. Shangazi akasema, "Ndivyo anavyokuwa akichoka, mwache." Nikatoka nikakaa kwenye kizingiti, nikiwatazama kuku, na ule msafara wako ukanipitia mbele ya macho. Nyama, asidi amino. Zile zote tulizokula zilikuwa zimejazana kwenye geti moja na kidonge cha Bibi, nacho, maskini, kimoja kati ya umati, hakikupata nafasi ya kupita.

Nikasimama. Kuku wakatawanyika.

Baba (hapa naomba nikuite Baba kidogo), wewe unajua habari za geti hilo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukaenda ukamchinjia mama yako mbuzi, ukamlisha maini kwa mkono wako, ukaziba geti, kisha ukakaa mkekani kusubiri tabasamu. Ungemkuta mgonjwa wa mtu mwingine ungeelewa mara moja kwamba ule ni ugonjwa, si moyo. Kwa mama yako ukasahau kila ulichosoma. Sikulaumu. Mtu hasomi uso wa mama yake kwa vitabu.

Kesho yake nikahakikisha kidonge kimetangulia, na nyama nikaiacha ya usiku. Uso ulipofunguka nikamuuliza.

"Bibi, Baba alipokuja kukuaga, mbona hukumjibu?"

"Nani hakumjibu?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa namjibu! Maneno yalikuwa njiani. Yeye kanitazama kama anayetazama mbuzi mgonjwa mnadani, halafu huyoo, kapanda juu ya paa. Neno la kwanza linafika mdomoni, nasikia nyundo."

Nikauliza alitaka kukwambia nini. Hapo akanyamaza tena, nami nikangoja. Nimejifunza kwamba kungoja maneno ya Bibi ni kama kuteka kisima kirefu. Kamba inakwenda, inakwenda, na ukiivuta kabla haijafika unapandisha ndoo kavu.

"Aende," akasema. "Mwambie aende. Nimeridhia tangu siku aliyozaliwa, hiyo radhi anaitafuta wapi?"

Kisha, baada ya kamba nyingine ndefu: "Na mwambie ule mkono nilimfunga mimi."

Nilikuwa sijui habari hiyo. Hujawahi kunisimulia. Akaniambia ulizaliwa mtu wa kushoto, na alikuwa akikufunga mkono huo kiunoni kwa upindo wa kanga wakati wa kula, ili ujifunze wa kulia. Ulikuwa unalia, tonge linaanguka, unaokota kwa mkono usiouweza. "Watu walikuwa wanasema mtoto wa kushoto hana adabu, mama yake hakumfunza. Nikawaogopa watu kuliko nilivyomhurumia mwanangu. Mwambie sikujua."

Nikamsimulia ule mkasi. Nikamwambia mkono huo ndio ulioutumia kunionyesha kwa nini peptidi zako hazikatiki. Sidhani kama alielewa habari ya peptidi. Alishika jambo moja tu.

"Kumbe haukufa?"

"Haukufa, Bibi."

Akatazama mikono yake mwenyewe, ikitetemeka kidogo mapajani, na akatabasamu. Ndiyo, lile tabasamu ulilokwenda kulitafuta na mbuzi. Nimeliona. Lina pengo upande mmoja.

Nikamwambia Shangazi Zaituni, basi naomba ukamwambie Baba. Akanijibu bila kuinua macho, "Aliyetumwa ni nani? Mimi nilikuwa nachambua mlenda." Na Bibi akamalizia: "Wewe si Mwajabu? Wewe ndiye mimi. Aseme nani tena?"

Nilirudi Jumamosi na maneno hayo mdomoni kama mtu aliyebeba maji. Nilikukuta unatengeneza feni. Nikasema shikamoo, ukasema marahaba mama, Bibi hajambo? Nikasema hajambo. Hajambo! Neno moja, nikalifungia yote nyuma yake. Jumapili nilikufuata barazani, nikauliza kama unataka chai. Jumatatu nilisimama nje ya mlango wako, nikasikia unakohoa, nikarudi. Na kila siku nilijiambia ni haya zangu, kwamba ndivyo nilivyoumbwa, hata Mwenyezi Mungu anajua.

Si kweli. Haya zipo, lakini zilikuwa zinanisaidia kazi niliyoipenda. Sikutaka uende. Nilikuwa nahesabu: nitamaliza kidato cha sita wewe hupo, nani atakaa na mimi kwenye meza hii, nani atanieleza kitu kikiwa ng'ambo. Kila ulipopita karibu na sanduku bila kuligusa nilifurahi kwa siri, kisha nikaona uso wako, furaha ikanitumbukia. Radhi ilitoka kwa Bibi nzima, ikapita makorongo yote ya Kondoa, ikafika Chang'ombe. Ikakwama getini. Na geti lilikuwa mimi.

Nisamehe, Baba. Nimelifungua leo, nimechelewa, lakini Isha bado.

Sasa narudi kuwa mama, maana nimekwisha kuanza na sitaki kuishia njiani.

Sijui Ujerumani kukoje. Najua kuingia mahali ambapo kila kitu unachokijua kimebadilishwa jina. Utakuwa na miaka arobaini na kitu katikati ya vijana, utakuwa na jibu na halitavuka kwa wakati, watadhani huna. Nimeishi hivyo miaka mitano, nakuambia kama mwenyeji: halikuui. Mtafute mmoja atakayevuta kiti. Na mtu wa kule akikutazama kwa uso mgumu, au wewe ukisema neno lisijibiwe, usiwahi kupanda juu ya paa. Kaa kidogo. Huenda maneno yako njiani.

Kuhusu kubadilika, ulikwisha kusema mwenyewe, sina la kuongeza. Badilika kiasi usikatike. Bakiza kiasi sisi tukutambue ukirudi. Kama mfano huu ni wa kitoto, ni wako, mimi nimeurudisha tu.

Na zikija zabibu chungu tena, peptidi nzuri isiyofunguliwa geti, usile peke yako umesimama. Piga simu. Nitapokea. Huenda nisiseme kitu, lakini nitakuwepo, na sasa unajua mimi na Bibi tunahitaji kungojwa.

Nimebakiza moja. Siku ile ile, nilipokuwa namkunjia mkeka, Bibi aliniuliza: "Na hiyo dawa atakayoitengeneza, nitaila mimi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka hujawahi kunidanganya kuhusu kazi hii. Nikamwambia, "Sijui, Bibi. Huwa inachukua miaka mingi. Huenda usiikute."

"Ataikuta nani?"

"Labda mimi, nikizeeka."

Kamba ikaenda, ikaenda. Kisha akanipiga kibao kidogo cha bega, kwa ule mkono unaotetemeka.

"Kwani wewe si mimi? Basi nitaila."

Sanduku nimelishusha. Nimelifuta vumbi, nimelifungua, liko kitandani kwako, na barua hii ndiyo kitu cha kwanza ndani yake. Vingine weka wewe.

Kesho kituoni nitakuamkia shikamoo kama siku zote, nawe uniitikie marahaba. Tafadhali usiitaje barua hii mbele ya Mama, ataitangazia Chang'ombe, na mimi nitahama mji. Madirisha ya treni hii hayafunguki, hatutasikiana. Ukishakaa, tupungie tu mkono kwenye kioo.

Nitakuwa natazama ni mkono upi.

Nimeridhia mara mbili,

mama yako,
Mwajabu